Mapipa Kwenda, Shaba Kurudi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Walio mbali na redio wasogee karibu. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Asomaye polepole asione haya, maana somo hili limepigwa chapa ili alisome tena kesho kwa nafasi yake.

Watu wengi wakisikia neno historia hudhani ni habari za wafalme, magavana na vita tu. Hizo ni historia, lakini si historia yote. Leo tutasoma habari za watu wa usukani, yaani madereva wa malori waliosafiri kati ya Dar es Salaam na Zambia kuanzia mwisho wa mwaka 1965. Tena tutajiuliza swali moja: Barabara ikiwa mbaya, kosa huwa la nani?

Kwa nini safari ilianza

Zambia haina bahari. Ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Utajiri wake mkubwa ulikuwa shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilipelekwa pwani kwa reli iliyopita Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mpaka bandari za Msumbiji. Mafuta ya motokaa na ya mitambo nayo yaliingia Zambia kwa kupitia huko huko.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru. Haikuwa na idhini ya Uingereza, wala haikuwa na ridhaa ya Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi ile. Mwezi wa Desemba Uingereza ikazuia mafuta yasiende Rhodesia. Rhodesia nayo ikaizuilia Zambia mafuta. Zambia ikawa kama mtu aliyezoea kwenda kisimani kwa kupita uani kwa jirani, kisha asubuhi moja akakuta mlango umefungwa.

Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilisaidia kupeleka mafuta yakiwa ndani ya mapipa. Lakini ndege huchukua mzigo mdogo, na yenyewe hula mafuta mengi. Hapana budi njia nyingine itafutwe. Njia iliyokuwapo ni barabara ya kutoka Dar es Salaam. Malori yakapakiwa mapipa ya mafuta kwenda Zambia, na kurudi yakapakiwa shaba ili ipelekwe bandarini.

Njia yenyewe

Tuifuate njia hiyo. Kutoka Dar es Salaam dereva alikwenda Morogoro, kiasi cha kilomita 190. Akapita Mikumi, akapanda mlima Kitonga, akafika Iringa, Makambako na Mbeya. Mpaka Tunduma, penye mpaka, ni kilomita 900 na ushei. Baada ya mpaka zilibaki karibu kilomita 800 nyingine, kwa kupita Mpika na Serenje, mpaka Kapiri Mposhi.

Siku zile sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa ya udongo na changarawe. Tena angalieni majira. Mafuta yalizuiwa mwezi wa Desemba, na mvua katika nyanda za juu za kusini na kaskazini ya Zambia huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili. Basi kazi kubwa ilianza wakati barabara ilipokuwa dhaifu kuliko wakati wote. Magari mazito yaliendelea kupita juu ya udongo uliolowa, na kila gari likaliharibia njia gari lililofuata. Wenye kusema Kiingereza waliipa safari hiyo jina lenye maana ya Mbio za Jehanamu.

Lori lisilo na kuta

Malori mengi ya kazi hii yalikuwa na sakafu tupu nyuma ya chumba cha dereva. Hayakuwa na kuta wala paa. Lori la namna hii ni jema wakati wa kupakia, kwa sababu mzigo huingia kwa upande wowote. Likiwa njiani ni gumu, kwa sababu kinachouzuia mzigo ni kamba, mnyororo, kabari za mti na akili ya dereva na taniboi wake.

Tufanye hesabu kidogo. Andikeni. Pipa moja la mafuta huingia lita 200 hivi. Likijaa dizeli, pamoja na chuma chake, uzito wake ni kama kilo 180. Mapipa 50 basi ni kilo 9,000, yaani tani 9.

Sasa tuitazame shaba. Chukueni sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Mkilijaza maji, maji hayo yana uzito wa tani 1. Mkilijaza shaba tupu, uzito ni karibu tani 9. Maana yake ni kwamba uzito ule ule uliojaza sakafu wakati wa kwenda, wakati wa kurudi ungeweza kuingia katika sanduku moja. Shaba ilipangwa chini, ikatandazwa ili uzito usikae mahali pamoja. Mtu aliyesimama kando ya njia aliona lori kama tupu, akashangaa kwa nini linajikokota. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tabu za kila siku

Tumtazame dereva mmoja wa siku zile. Hatumpi jina, maana walikuwa wengi, na tabu zao zilifanana.

Wakati wa kiangazi tabu yake ilikuwa vumbi na mtikisiko. Barabara ya changarawe ikipitwa na magari mengi hufanya mikunjo midogo midogo kama bati la kuezekea. Lori hutetemeka mchana kutwa. Mtetemeko hulegeza minyororo, pipa likasuguana na pipa mwenzake, na mwisho likatoboka. Kwa hiyo dereva alisimama mara kwa mara, akazunguka lori, akapiga kila mnyororo kwa mkono ili asikie kama umelegea, akaukaza. Kama pipa lilivuja, moto ulikuwa hatari. Ilimpasa taniboi kupika ugali mbali na lori, hata kama amechoka na giza limeingia.

Wakati wa mvua tabu yake ilikuwa matope. Gurudumu likizama, walichimba kwa jembe na kutia matawi na mawe. Ikishindikana, walishusha mapipa, moja moja, kwa mbao. Lori likitoka, waliyaviringisha mapipa na kuyapandisha tena, moja moja. Kila pipa lina kilo 180, nao ni watu wawili. Waliopata msaada wa wanakijiji walishukuru. Kisha waliifunga minyororo upya, wakaendelea, pengine wakazama tena mbele kidogo.

Kupanda Kitonga na mapipa, mzigo wote huelemea nyuma. Kushuka Kitonga na shaba, mzigo wote husukuma mbele, kumwelekea dereva mwenyewe. Hapo dereva mwenye busara aliingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, kwa sababu breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kuacha kushika. Waliosafiri njia ile waliona mabaki ya malori chini kwenye mabonde. Kila gari bovu lililolala pale lilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa na nyumbani kwake.

Kuulizwa kwa jambo usilolitenda

Jasho na matope ni tabu. Lakini ipo tabu nyingine inayouma zaidi. Dereva akifika mwisho wa safari, karani huhesabu mapipa. Moja limetoboka, jingine limepungua. Anayeulizwa ni nani? Ni dereva. Hati ya mzigo huonyesha hesabu ya mapipa. Mvua haimo katika hati, wala mikunjo ya barabara, wala usiku uliolalwa chini ya lori.

Hatusemi kwamba kila dereva alikuwa malaika. Wapo walioendesha kwa kasi, na wapo waliokunywa pombe kabla ya kushika usukani. Hao walikuwa na makosa yao. Lakini mtu mwangalifu, aliyekaza minyororo yake na kuendesha polepole, naye aliulizwa vile vile, wakati barabara hakuitengeneza yeye.

Hapa, wanafunzi wetu, ndipo kusoma na kuandika kunapoingia. Dereva asiyejua kusoma alitia dole gumba katika hati asiyoifahamu. Dereva aliyejua kusoma aliweza kuhesabu mapipa kwanza, kisha akadai iandikwe, kabla ya kutia sahihi, kwamba pipa fulani limebonyea tangu bandarini. Mstari mmoja wa maandishi ulitosha kurudisha kosa mahali pake. Ndiyo sababu tunawaambia kila siku: usitie sahihi yako chini ya maneno usiyoyasoma.

Njia yabadilika

Serikali za Tanzania na Zambia ziliona kwamba udongo hauwezi kubeba mzigo wa nchi nzima. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilimalizika, likiwa na urefu wa kilomita 1,710 hivi. Mafuta yakaanza kupita ndani ya bomba, na mapipa yakapungua barabarani. Katika miaka ile ile barabara ilijengwa upya kwa lami, kwa msaada na mikopo ya Marekani, Benki ya Dunia na wengine, na kazi ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1967 China, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikabidhiwa kwa nchi hizi mbili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Lami ilipofika, dereva yule yule, katika lori lile lile, hakuhitaji tena kushusha mapipa 50 matopeni. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni njia. Hilo latuonyesha ni kiasi gani cha kosa kilikuwa chake, na ni kiasi gani alikibeba kwa niaba ya barabara.

Bomba, lami na reli zina tarehe zake, na tarehe hizo zimeandikwa vitabuni. Lakini kabla ya hayo yote kumalizika, katika miezi ile ya mvua, mafuta yalifika Zambia na shaba ilifika Dar es Salaam juu ya sakafu za malori. Waliofunga minyororo ile ni sehemu ya historia ya uhuru wa nchi hizi.

Maneno ya kujifunza

Taniboi: msaidizi wa dereva wa lori.
Kabari: kipande cha mti kinachozuia kitu kisisogee.
Hati ya mzigo: karatasi inayoonyesha mzigo uliopakiwa na hesabu yake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Zambia ilihitaji njia ya Dar es Salaam mwaka 1965?
2. Ikiwa pipa moja ni kilo 180, mapipa 30 yana uzito gani?
3. Kwa nini lori la shaba lilionekana kama tupu?
4. Katika kazi yako, umewahi kuulizwa kwa kosa lisilo lako? Ulifanya nini?

Kazi ya nyumbani

Kama kijijini au mtaani kwenu yuko mzee aliyewahi kuendesha lori au kuwa taniboi, mwendee. Mwamkie, kaa naye, mwombe akusimulie safari moja. Kisha andika sentensi tano, na umsomee mwenyewe ulichoandika. Akisema umekosea, sahihisha. Tutafurahi kama atakubali.

Haya, wanafunzi wetu, wakati umetuishia. Kwaherini mpaka somo lijalo.