AM Herculis

AM Herculis (kifupi: AM Her) ni nyota maradufu katika kundinyota la Rakisi, takriban miaka ya nuru 290 kutoka Dunia. Herufi AM hazifupishi neno lolote. Ni utaratibu tu wa kuzitaja nyota badilifu.

Ni kibete cheupe, chenye upana unaokaribia ule wa Dunia, na kibete chekundu. Huzungukana kwa saa 3 na dakika 6 hivi. Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, aliitambua kuwa nyota badilifu mwaka 1923, lakini umuhimu wake ulionekana mwaka 1976, ilipobainika kuwa inatoa eksirei na kwamba nuru yake ina alama ya uga sumaku wenye nguvu sana. Uga wa kibete cheupe ni tesla 1,400 hivi, zaidi ya mara milioni 20 ya ule wa Dunia.

Katika nyota maradufu nyingi za namna hii, gesi inayotoka kwa kibete chekundu huzunguka kwanza kama sahani. Hapa uga sumaku huishika na kuimimina kwenye ncha ya sumaku, kama maji kwenye faneli. Ikigonga hupata joto la makumi ya mamilioni ya digrii.

Uchunguzi wa urujuanimno

Karibu nusu ya mnururisho wa gesi hiyo huelekea chini na kuupiga uso wa kibete cheupe. Huishia wapi? Nadharia ilitarajia urudi kama eksirei hafifu, ila vipimo havikulingana na hesabu.

Jibu lilihitaji urujuanimno, ambao ozoni ya angahewa yetu huzuia sehemu yake kubwa. Satelaiti ya IUE, iliyorushwa Januari 1978 ikiwa na kioo cha sentimita 45 tu, iliitazama AM Her kwa miaka mingi. Nyakati ambazo mtiririko wa gesi hupungua sana ndizo zilizofaa zaidi, kwani kibete cheupe huonekana bila kufunikwa na mng'ao wa gesi.

Mwaka 1995 Boris Gänsicke na wenzake walionyesha kwamba uso wake una Kelvini 20,000 hivi, ukiwa na doa la joto zaidi karibu na ncha: Kelvini 24,000 wakati wa utulivu na 37,000 gesi inapomiminika kwa wingi. Doa hilo huchukua karibu sehemu ya kumi ya uso. Urujuanimno wa ziada unaotoka hapo unakaribia kulingana na mnururisho unaoelekea chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya eksirei hafifu ina chanzo kingine, labda mabonge mazito ya gesi yanayozama kabla ya kutoa joto lake.