Simba Wawili wa Mtaa wa Banda

Ukitoka Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, jengo lenye nguzo nene na sanamu za simba wawili mlangoni halikupiti machoni. Ni Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda. Mchana, ngazi zake pana huwa ni mahali pa kupumzisha miguu, na wanaoketi hapo wengi hawajui McMillan alikuwa nani.

Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri wa Kimarekani, mzaliwa wa St. Louis, mtu wa miraba minne. Shamba lake la Juja ndiko alikompokea Theodore Roosevelt mwaka 1909, rais huyo mstaafu wa Marekani alipokuja kuwinda. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mteremko wa mlima Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyejenga maktaba hii kwa kumbukumbu ya mumewe, Shirika la Carnegie likachangia. Ilifunguliwa Juni 1931.

Mtindo wa jengo ni ule wa mahekalu ya Wagiriki na Warumi: ngazi, nguzo, baraza, kisha ukumbi mkubwa wa kusomea. Kila kitu kimepangwa pande mbili zinazolingana. Ndani mna rafu za mbao, pembe za ndovu, na fanicha za kale. Baadhi ya fanicha hizo zilikuwa za mwandishi Karen Blixen: mwaka huohuo wa 1931, alipouza vitu vyake na kurudi Denmark, Lucie McMillan alikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Walioruhusiwa kusoma humo walikuwa Wazungu peke yao. Waafrika, ambao ndio walioujaza mji huo kwa jasho lao, walifunguliwa mlango mwaka 1958, miaka 27 baadaye. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona: lilikuwa jengo la umma lisilotaka umma.

Hata hivyo kuna kioja. Mwaka 1938 wakoloni waliitungia maktaba hii sheria yake maalumu, heshima ambayo hakuna jengo jingine nchini Kenya lililowahi kuipata. Nia ilikuwa kulinda jina la bwana mkubwa. Lakini katika jiji ambalo viwanja vya umma vimezoea kumezwa usiku na kuota ghorofa asubuhi, naamini sheria hiyo ya kikoloni imetufaa kuliko walioitunga walivyodhani.

Sheria, lakini, haizibi paa linalovuja. Baadaye maktaba iliangukia mikononi mwa baraza la jiji, na kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya zamani yalikula vumbi. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakaingia ubia na Kaunti ya Nairobi kuifufua. Hawakuanza na nguzo za Mtaa wa Banda. Walianza na matawi yake ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, ambako watoto wa mitaa hiyo hupita kusoma wakitoka shule.