Kutwa ni saa ngapi Kasulu?

Wasomaji wangu, leo nina swali la kitoto: jua linazama saa ngapi? Mtu wa Dar atajibu bila kufikiri, saa kumi na mbili na ushee. Nami jibu langu lilikuwa hilo hilo, mpaka jioni moja niliposimama kando ya barabara Kasulu, simu mkononi. Simu inasema saa kumi na mbili na nusu. Jua bado liko juu ya vilima na watoto wanacheza mpira kama vile ni saa kumi alasiri. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita akanisalimu, "Mwidiwe!"

Salamu hiyo ndiyo iliyonianzishia safari hii ya maneno. Asubuhi Waha husema "mwakeye", yaani kumewakuchia salama. Mchana mpaka jioni ni "mwidiwe", mmeshindaje. Ukivuka mpaka, Warundi wanasema "mwiriwe", neno lile lile kwa matamshi yao. Salamu hizi hazijali mshale wa saa. Zinauliza jua limekukuta wapi na limekuacha wapi.

Sasa turudi kwenye Kiswahili chetu. Kuna "kucha" na kuna "kuchwa". Herufi moja tu, w, inatenganisha alfajiri na magharibi! Kumekucha, amka. Kumekuchwa, rudi nyumbani. Kutoka kuchwa tumepata "machweo", neno ambalo siku hizi tunawaachia washairi na wapiga picha za ufukweni. Lakini neno hilo lina ndugu yake ambaye tunamtumia kila siku bila kumtambua: "kutwa".

Ndiyo, kutwa ile ile ya kwenye bahasha ya dawa, kidonge kimoja kutwa mara tatu. Na ya shule ya kutwa. Kutwa ni kuchwa kwa lahaja ya kaskazini ya pwani, kule ambako mchanga huitwa mtanga na mchele huitwa mtele. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ch ya Unguja ilishinda katika maneno mengi, ila kutwa ilikuwa imeshazoeleka, ikabaki na t yake. Kwa hiyo tunasema machweo kwa ulimi wa Unguja na kutwa kwa ulimi wa Mombasa, na wengi hatujui kwamba ni jambo moja.

Angalia pia tunavyopima muda. Mchana kutwa: mchana mpaka jua likachwa. Usiku kucha: usiku mpaka kukacha. Kila kipande tunakiita kwa mwisho wake.

Halafu yuko "magharibi", aliyekuja na Kiarabu na dini. Ni upande wa dunia, ni sala, ni wakati wa siku. Kwa wazee wa pwani siku mpya huanzia hapo, ndiyo maana wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya usiku ule ambao wewe na mimi tunauita Alhamisi usiku. Saa zetu nazo zimefuata jua hivyo hivyo. Likizama ni kumi na mbili, saa moja ya usiku inafuata.

Maneno haya yalipanda bara na misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, zamani kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871, na reli ya Mjerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Kutoka ziwani yakapanda milima ya Uha, Heru na Muhambwe, ambako leo tunasema Kasulu na Kibondo. Tatizo ni kwamba jua la pwani halikupanda nayo.

Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Hata Dar haiufikii, iko kwenye 39. Kasulu iko kwenye 30! Kila nyuzi moja ni dakika nne, piga hesabu mwenyewe: Kasulu inachelewa nyuma ya Dar kwa zaidi ya nusu saa. Jua huzama kati ya saa moja kasoro dakika kumi na saa moja na dakika ishirini, kutegemea mwezi. Saa sita mchana ya Kasulu, ile ya jua la utosini, ni kama saa saba kwenye simu. Rutana, ng'ambo ya mpaka, wanaliona jua lile lile likizama dakika ile ile, ila saa ya Burundi iko nyuma yetu kwa saa nzima, kwa hiyo kwao ni kumi na mbili sawasawa, kama mzee wa Unguja anavyotaka. Warundi na Wakongo waliopokelewa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, walilazimika kusogeza saa zao mbele, wakaacha saa iliyolingana na jua.

Mtaniuliza, sasa kuna hasara gani? Muulize aliyefunga Ramadhani Kasulu. Redio ya Dar inaadhini magharibi, huko watu wameshashika tende, na yeye bado ana nusu saa na zaidi ya kulitazama jua. Akifungua kwa adhana ya redio, saumu yake imekwenda na maji.

Na muulize mtoto wa shule ya kutwa. Ratiba inamtaka awe shuleni mapema asubuhi, sawa na mwenzake wa Dar. Mwezi Juni, Kasulu, jua huchomoza saa moja na dakika chache. Anayekaa mbali anatoka nyumbani saa kumi na mbili, giza totoro, baridi ya milimani, njia ya vichaka. Anapishana na jirani anayekwenda shambani, hawaonani sura, na jirani anamwambia "mwakeye" wakati bado hakujakucha.