Kadi Ikichemka: Safari ya Kulihamisha Joto, Kutoka Philadelphia Hadi Kiminini

Hewa ya Kiminini ni baridi, lakini ni nyepesi. Mji huu mdogo kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye na Bungoma umekaa katika nyanda za juu za Trans Nzoia, na Kitale yenyewe iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo, kila lita ya hewa inayopulizwa na feni huwa na uzito pungufu kwa karibu moja kwa tano kuliko ile ya Mombasa. Feni inazunguka kwa kasi ileile, ila mzigo wa joto inaoweza kubeba umepungua.

Kwa hiyo kijana wa huku anayejigamba kwamba kompyuta yake ya michezo haiwezi kuchemka kama za pwani anasema nusu ya ukweli. Chukua kadi ya michoro ambayo Mombasa, ndani ya chumba cha nyuzi 30, hufika nyuzi 80. Ilete Kiminini kwenye chumba cha nyuzi 20. Mtu angetarajia isome 70, lakini kwa hesabu ya haraka itatulia kwenye 76 hivi. Baridi imeleta nyuzi kumi, mwinuko ukazila zaidi ya nusu. Na kwa kadi za leo, nyuzi hizo chache ndizo zinazoamua mchezo utakwenda mbio kiasi gani.

Joto la kompyuta haliteketezwi, huhamishwa tu. Wahandisi walilijua hilo tangu ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwezi Februari 1946 ikiwa na taa za vakyumu karibu 18,000 na njaa ya kilowati 150 za umeme. Karibu umeme huo wote uliishia kuwa joto, ikabidi mashine ijengewe mfumo wa kupuliza hewa mfululizo. Afrika Mashariki ilionja adha hiyo mapema pia. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini humo, ICT 1500 kutoka Uingereza. Mashine za kizazi hicho zilitaka chumba chao wenyewe chenye kiyoyozi, umeme usiokatika na wataalamu wa kuzilinda. Mwaka 1974 serikali hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya miradi kwenda kombo na fedha za kigeni kuadimika. Lawama zote haziwezi kubebeshwa joto, bila shaka, lakini gharama ya kuitunza mashine ilikuwa sehemu ya bei yake tangu mwanzo.

Kisha kompyuta zikawa ndogo, na kwa muda joto likasahaulika. IBM PC ya 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda megahezi 4.77 bila kipande chochote cha chuma juu yake. Ungeweza kuigusa kwa kidole. Nafasi hiyo ndiyo iliyozaa utundu wa kupandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani, ule ambao wachezaji huuita ovakloki. IBM ilipotoa modeli ya AT mwaka 1984 ikiwa na megahezi 6, watu waligundua kwamba kinachopanga mwendo ni kipande cha fuwele ya kwatzi kwenye ubao. Waling'oa kile cha kiwandani, wakachomeka cha kasi zaidi, na mashine ikakubali. IBM haikupendezwa. Matoleo ya baadaye yaliwekewa programu ya kuikagua kasi wakati wa kuwaka, ili wajanja hao wakomeshwe.

Kadi za michoro zilipitia utoto kama huo, ila zilikua kwa haraka zaidi. Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, iliyowafungulia wengi mlango wa michezo ya pande tatu mwaka 1996, ilikwenda megahezi 50 chipu zikiwa wazi kabisa. Miaka mitatu tu baadaye GeForce 256 ya Nvidia ilikuja na feni yake kichwani. Mwanzoni mwa 2003 ikatoka GeForce FX 5800 Ultra, yenye megahezi 500 na kipulizo kilichomeza nafasi ya kadi mbili. Kelele zake zilikuwa balaa. Nvidia wenyewe walitengeneza video ya kujicheka, wakiionyesha kadi hiyo ikitumika kama mashine ya kupeperushia majani bustanini. Ni nadra kampuni kukiri kwa ucheshi namna hiyo, na huenda ndicho kitu pekee ambacho kadi ile ilikifanya vizuri.

Sababu ya mbio hizo iko kwenye hesabu fupi. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi yake, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10, na ili chipu isiyumbe ukaongeza volti kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa takriban asilimia 33. Mchezaji anapata sehemu moja ya mwendo na kulipa tatu za moto. Ndiyo maana kila aliyetaka kasi alijikuta amekuwa fundi wa kupoza.

Suluhu moja kubwa ilitoka kwenye utafiti wa vyombo vya anga. Mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alionyesha bomba la joto: mrija uliozibwa, wenye kimiminika kidogo na utambi ukutani. Kwenye kadi za michoro mrija huo ni wa shaba na kimiminika ni maji. Upande wa chipu maji huchemka kwa shinikizo dogo, mvuke hukimbilia upande wa mapezi ya alumini, hupoa na kurudi kuwa maji, na utambi huyarudisha yalikotoka. Hakuna pampu wala umeme. Fungua kadi yoyote ya wastani ya miaka kumi iliyopita na kuna uwezekano mkubwa utaiona mirija hiyo, ya unene wa penseli, ikipinda kutoka kwenye chipu kwenda kwenye mapezi.

Wengine hawakusubiri viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa ovakloki Marekani walipekua yadi za magari mabovu wakitafuta rejeta ndogo ya hita ya Pontiac Bonneville ya 1977, kwa kuwa ilikuwa pana, rahisi na ilitosha feni za kompyuta. Waliiunganisha kwa mipira na pampu, wakapoza prosesa kwa maji. Fundi yeyote wa rejeta wa Kitale au Webuye angeielewa kazi hiyo bila kusomewa maelezo.

Waliotaka rekodi walikwenda mbali zaidi, kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Inasikika kama kitu cha maabara za ng'ambo, ilhali Trans Nzoia ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na nitrojeni hiyo hupita barabarani kila siku. Wahudumu wa uhimilishaji huibeba kwenye chupa maalumu juu ya pikipiki, ikihifadhi mbegu za fahali. Tofauti ni kwamba mbegu hukaa humo kwa miaka, na chipu iliyomiminiwa hudumu kwenye rekodi yake kwa dakika chache tu.

Joto lina madhara mengine yasiyoonekana kwenye kipimo. Chipu ikiwaka hutanuka, ikizimwa husinyaa, na maungio madogo ya lehemu chini yake huchoka. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia mashine za michezo za Xbox 360 zilizokuwa zikifa. Mwaka uliofuata Nvidia nayo ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika. Vifaa vya kizazi hicho viliishia kwenye masoko ya mitumba, na mafundi wa vibandani wakajifunza kuvipasha kwa bunduki ya hewa moto hadi picha irudi. Ilirudi kweli. Kwa wiki kadhaa, au miezi ukiwa na bahati, kwa sababu ufa uliofumbwa kwa moto hufumbuliwa na moto.

Mageuzi makubwa kuliko yote yalikuja kimya mwaka 2012. Kadi ya GTX 680 ya Nvidia ilianza kujipandisha kasi yenyewe kulingana na umeme uliopo, na vizazi vilivyofuata vikaweka joto katikati ya uamuzi huo. Kuanzia kadi za 2016, kila chipu inapozidi joto kwa nyuzi kadhaa hupunguza hatua moja ya takriban megahezi 13, bila kumwuliza mwenye nayo. Maana yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida: kuipoza kadi ni sawa na kuipandisha kasi. Asiyegusa mpangilio wowote, akaipangusa tu feni yake, amefanya ovakloki.

Bahati mbaya, kadi nyingi za bei nafuu zimepitia mikono migumu. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizikimbiza usiku na mchana hadi tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipobadili mfumo wake na kazi ya kadi za michoro ikaisha ghafla. Zikamwagwa sokoni kwa wingi. Eneo letu nalo limewahi kuwa na mgodi wa namna hiyo: mwezi Septemba 2020 Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kuchimba Bitcoin huko Luviro kwa umeme wa maji, kwenye makontena yaliyopangwa mashine mamia na feni za kuzipuliza. Mashine zile ni za Bitcoin pekee na haziwezi kuchezea mchezo, lakini tatizo la kulitoa joto nje ya kontena ni lilelile.

Kiminini, adui wa karibu ni vumbi. Mahindi yakishavunwa na mashine za kupukuchua zikaanza kunguruma, makapi laini hupeperuka kila mahali, kisha kiangazi cha Januari huongeza udongo mwekundu. Kwenye kadi hujikusanya kati ya feni na mapezi, mahali macho hayafiki, na kutengeneza mkeka unaozuia hewa ambayo tayari ni nyepesi.

Kuifungua kadi si kazi kubwa. Skurubu nne zenye springi hushikilia kipoza kuzunguka chipu, nazo hulegezwa kwa kupishana pembe, kidogo kidogo. Ndani huwa kuna grisi ya joto iliyokauka na kupasuka. Kazi yake ni kuziba matundu yasiyoonekana kati ya chipu na shaba, kwa kuwa hewa iliyonaswa humo hupitisha joto vibaya mno, maelfu ya mara chini ya shaba. Hufutwa kwa pamba na spiriti, huwekwa tone jipya, na skurubu hukazwa kwa kupishana vilevile. Anayezidisha grisi akidhani anaongeza ubaridi anaweka blanketi.

Hatua ya mwisho ni ya programu, na inaupindua utundu wa 1984. Wachezaji wa sasa hutumia MSI Afterburner kushusha volti badala ya kuzipandisha. Kwa hesabu ileile ya kipeo cha pili, volti zikipungua kwa asilimia 10 joto hushuka kwa karibu asilimia 19. Kadi ya RX 580 ya 2017, iliyotoka kiwandani ikila wati 185, inaweza kukaribia 150 kwa kasi ileile, mradi chipu yake ivumilie. Hilo hujulikana kwa kuijaribu hatua moja moja na kuuchezesha mchezo mzito kwa saa nzima, mchana, jua likiwa limelipasha bati la paa.