MOTOKARI INATETEMEKA KWENYE 90: HISTORIA YA KARDANI NA KOSA LA PROFESA RANKINE



Leo tuongee historia, lakini historia yenye grisi. Mtu yeyote aliyepanda taxi-bus ya zamani kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi anaijua hii hali. Mpaka 70 motokari inaenda vizuri. Ikifika 90, sakafu inaanza kunguruma, kiti kinatetemeka, kioo cha ndani hakionyeshi kitu tena. Shofere akikanyaga zaidi, kwenye 105 inatulia, ni kama hakuna kilichotokea. Akipunguza, ugonjwa unarudi palepale kwenye 90.

Abiria kila mmoja iko na jibu lake: ni pine, ni injini, ni uzee. Na garajini mara nyingi inakuwa vilevile. Wanabadilisha pine, halafu rulema, halafu kauchu zinazoshika injini, na dola zinaisha, mtetemo ukiwa uleule.

Juu ya nini kitu kinachozunguka kinatetemeka kwenye mwendo mmoja na kutulia kwenye mwingine? Swali hilo liliwasumbua wasomi wakubwa wa Ulaya miaka mingi, na mmoja wao, profesa mwenye jina, alilijibu vibaya kabisa. Nataka kuonyesha kwamba njia waliyopitia ndiyo njia ileile ya kutafuta ugonjwa chini ya motokari. Kila mmoja wao alituachia swali moja la kuuliza.

CARDANO NA HOOKE

Mu motokari za zamani nyingi, injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Nguvu inatoka kwenye bwate ya vitesi, inapita ndani ya bomba refu la chuma linalozunguka chini ya sakafu, inaingia kwenye pombo ya nyuma, ile nundu ya chuma katikati ya magurudumu mawili. Pombo inapanda na kushuka kila mara motokari inapokanyaga shimo. Kwa hiyo lile bomba lazima liwe na viungo vinavyopinda huku vinazunguka. Ndiyo maana kwenye ncha zake tunakuta kruaziyo, yaani msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne. Bomba zima tunaliita kardani.

Jina linatoka kwa Gerolamo Cardano, daktari na mwanahesabu wa Italia, aliyezaliwa Pavia mwaka 1501. Katika kitabu chake cha mwaka 1550, De subtilitate, alieleza namna ya kuning'iniza kitu ndani ya pete ili kibaki wima hata kama kinachokibeba kinainama. Motokari hakuiwaza hata kidogo. Aliyechukua wazo la kiungo kinachopinda na kukitumia kupeleka mzunguko kutoka fimbo moja hadi nyingine ni Mwingereza Robert Hooke, msimamizi wa majaribio wa Royal Society ya London tangu 1662. Mwaka 1676 alikieleza kiungo hicho katika maandishi yake juu ya vyombo vya kutazamia jua.

Hooke aligundua kitu cha ajabu. Ukiunganisha fimbo mbili kwa msalaba na kuzipinda, ya kwanza ikizunguka sawasawa, ya pili haizunguki sawasawa. Inakimbia, inachelewa, inakimbia, inachelewa: mara mbili katika kila mzunguko, ni kama mtu anayechechemea. Pembe ikiwa nyuzi 10, tofauti ni ndogo, kama 1.5 kwa 100 juu na chini. Ikifika nyuzi 30, fimbo ya pili inapita ya kwanza kwa 15 kwa 100, halafu inabaki nyuma kwa 13 kwa 100, katika mzunguko uleule. Hooke alitoa na dawa: weka viungo viwili, uvipange ili kosa la kimoja lifutwe na la kingine.

Hapa ndipo swali la kwanza: je, vile viungo viwili bado vinafutana? Angalia kinachotokea garajini. Fundi anafungua kardani ili abadilishe kruaziyo. Hapigi alama. Akirudisha, vipande viwili vinavyochomekana kwa meno vinaingia vikiwa vimeruka jino moja au mawili. Kila buloni imekazwa vizuri, kila kruaziyo ni mpya, na motokari inatetemeka kuliko jana, juu dawa ya Hooke imevunjwa. Ama mwenye motokari ameongeza vipande vya resori nyuma ili abebe mifuko mingi ya unga. Sehemu ya nyuma imepanda, pembe imebadilika, viungo vinachechemea kila kimoja kwa njia yake.

RENAULT NA SPICER

Mu motokari za kwanza, nyingi zilisukumwa kwa mnyororo, sawa na wa kinga. Mwishoni mwa 1898, huko Billancourt karibu na Paris, kijana wa miaka 21, Louis Renault, alitengeneza kigari chake akaweka kardani mahali pa mnyororo, pamoja na vitesi inayopeleka mzunguko wa injini moja kwa moja. Kule Marekani, Clarence Spicer alipata hati ya ubunifu mwaka 1903 kwa kiungo cha motokari chenye kufunikwa ili vumbi lisiingie na grisi isitoke. Alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell. Mwaka uliofuata alianza kuvitengeneza na kuviuza.

Mnyororo uliondoka. Lakini lile bomba refu lilileta tatizo lililokuwa tayari limewashinda watu wa viwanda.

RANKINE ANAKATAA

William John Macquorn Rankine alikuwa profesa wa uhandisi Glasgow, mmoja wa walioweka msingi wa elimu ya joto na injini za mvuke. Mwaka 1869 aliandika juu ya fimbo zinazozunguka kwa kasi. Alieleza kwamba kila fimbo iko na mwendo wake wa hatari. Hakuna fimbo iliyonyooka kabisa, upande mmoja daima ni mzito kidogo. Ikizunguka, upande mzito unaivuta nje. Ikikaribia ule mwendo, inajipinda zaidi na zaidi. Mpaka hapo Rankine alisema vizuri.

Kisha akasema kwamba hakuna fimbo inayoweza kuuvuka ule mwendo na kubaki salama. Hesabu yake iliacha nje nguvu moja ambayo Coriolis alikuwa ameieleza Paris tangu 1835. Lakini ni Rankine aliyesema, na wahandisi wengi walikubali. Walitengeneza fimbo nene na fupi, wasikaribie kabisa ule ukuta.

Swali la Rankine kwetu linabaki zuri hata hivyo: mwendo wa hatari wa hii kardani umeshuka? Unategemea ugumu na urefu. Ukiongeza urefu wa bomba mara mbili, mwendo wa hatari unashuka mpaka robo. Ndiyo maana mu motokari ndefu kardani inakatwa vipande viwili, na katikati inashikwa na paliye, rulema iliyozungushiwa kauchu. Kiwandani wanahakikisha mwendo wa hatari unabaki juu kuliko kasi ya safari. Lakini kauchu ikikauka na kupasuka baada ya miaka 20 ya joto na vumbi, kardani haishikwi tena vizuri. Mtetemo ambao mtengenezaji alikuwa ameusukuma mbali unashuka mpaka unakaa hapa tunapoendesha, kwenye 90.

DE LAVAL ANAVUKA

Gustaf de Laval, Msweden, alikuwa na udaktari wa Uppsala. Ni yeye aliyetengeneza mashine ya kutenganisha krimu na maziwa mwaka 1878. Baadaye akatengeneza tabini ya mvuke iliyozunguka mpaka mara 30,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo, fimbo nene haikusaidia. De Laval akafanya kinyume cha mafundisho yote: akaweka fimbo nyembamba, inayokubali kupinda. Mwaka 1889 ilipita mwendo wa hatari kwa kutetemeka, halafu ikatulia.

Rankine alikuwa amekufa tangu 1872, lakini neno lake liliendelea kuishi. August Föppl alitoa maelezo sahihi Ujerumani mwaka 1895, na wahandisi wa Uingereza hawakuyajali sana. Ilibidi kungoja 1919, pale Henry Homan Jeffcott alipochapisha hesabu iliyowashawishi: chini ya mwendo wa hatari upande mzito unakaa nje, juu yake unageuka kuelekea katikati, na fimbo inajisawazisha. Miaka 50 kamili tangu Rankine aandike.

Tukirudi kwenye taxi-bus yetu: sasa tunaelewa kwa nini kwenye 105 inatulia. Imevuka mahali ambapo chuma na kauchu zake zinaitikia. Lakini wandugu, kutulia si kupona. Nguvu ya ule uzito wa pembeni inapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 60 kwenda 120, inakuwa mara nne. Rulema na kruaziyo zinaendelea kuipokea hata kama kiti hakitetemeki tena. Kruaziyo ya mbele ikikatika kwa mwendo huo, ncha ya kardani inaanguka barabarani, inaweza kujichimbia na kuinua motokari pamoja na watu. Shofere anayewaambia abiria "tukipita 100 itaacha" anacheza na maisha yao.

KUTAFUTA UGONJWA

Kabla ya kununua kitu, hesabu. Tuseme pine linazunguka mara moja kila mita 2, na pombo ya nyuma inagawanya kwa 4. Kwenye 90, gurudumu linazunguka mara 750 kwa dakika, yaani kama mara 12 na nusu kwa sekunde. Kardani inazunguka mara 3,000 kwa dakika, mara 50 kwa sekunde. Na kiungo cha Hooke, juu kinachechemea mara mbili kwa mzunguko, kinapiga mara 100 kwa sekunde. Ni mlio mnaoujua: transfo ya umeme kwenye kona ya avenue inanguruma hivyohivyo, mara 100 kwa sekunde. Gurudumu linatikisa volani au kiti polepole, unaweza karibu kuhesabu. Kardani inavuma chini ya sakafu. Mwili wako tayari ni chombo cha kupimia.

Halafu jaribu, mahali penye barabara tupu na mtu mwingine akiendesha. Shika 90 kwenye vitesi ya 4, kisha kwenye ya 5. Kwenye ya 4 injini na kardani mara nyingi zinazunguka sawasawa, kwa hiyo zinadanganyana. Kwenye ya 5 injini inapungua, kardani inabaki. Mtetemo ukibaki palepale, injini haina kosa. Hapo umeokoa pesa ya zile kauchu.

Tena, kwenye 90 ileile, kanyaga mafuta kidogo, kisha achilia. Mtetemo ukibadilika sana, fikiria pembe, viungo vilivyochoka, ama rulema ya mbele ya pombo. Usipobadilika, fikiria uzito usio sawa. Hamisha magurudumu ya nyuma mbele: ugonjwa ukihamia kwenye volani, ni magurudumu.

Sasa ingia chini, motokari ikiwa imesimama imara kwenye viegemeo. Osha kardani kwanza. Tope lililokauka upande mmoja linatosha kabisa kuitetemesha, na maji hayauzwi ghali. Tafuta pale bomba lilipobonyea. Tafuta alama ya kipande kidogo cha chuma ambacho kiwanda kilikichomelea ili kusawazisha, na ambacho kimeng'oka. Shika kruaziyo kwa mikono, tikisa: ikicheza, imekwisha. Tazama kauchu ya paliye. Tazama kama uma za ncha mbili za bomba zinaelekea jinsi kiwanda kilivyozipanga.

Na kama vyote viko sawa, mafundi wazee wana njia ya De Laval mwenyewe, ya kuuliza mashine. Wanafunga kolye mbili za mipira ya radiatere kwenye kardani, karibu na ncha. Wanaendesha, wanasimama, wanazungusha vichwa vya kolye kidogo, wanaendesha tena. Mahali mtetemo unapopungua ndipo upande mwepesi ulipokuwa.

Sisi tuliosoma tunapenda kusema fundi anabahatisha. Ni kweli kwa wengine. Lakini Rankine alikuwa na kiti cha profesa, na alibahatisha pale alipotangaza ukuta bila kungoja fimbo ijaribiwe. De Laval naye alikuwa na diplome kubwa, na aliiacha mashine ijibu. Halafu Jeffcott akaweka hesabu juu ya jibu hilo, ili mwingine asianze tena kutoka sifuri. Mashine iliulizwa kwanza, hesabu ikafuata, na hapo ndipo elimu ilisonga.

Kwa hiyo siku motokari ya mzee wako ikianza kunguruma kwenye 90, usimuulize fundi ni bei gani. Muulize kwanza: huu mtetemo unafuata mwendo wa kitu gani, wa gurudumu, wa kardani au wa injini? Na kabla hajafungua buloni ya kwanza ya kardani, mpe rangi apige alama pande zote mbili.