Kamisheni ya Agenti Iligeukaje Kuwa Mali?

Wasee, kuna swali agenti wa bima hapendi kuulizwa: nikiacha kulipa baada ya mwaka mmoja, narudishiwa ngapi? Kwa bima nyingi za maisha jibu ni sufuri, ama karibu na hapo. Mtaani tunaita wizi. Mimi nasema ni hesabu, na imeanza zamani.

Kampuni ikikuuzia bima ya miaka 20, pesa nyingi inaitoka mwanzoni: kamisheni ya agenti, daktari wa kukupima, makaratasi. Wewe unalipa polepole. Sasa gharama yote ikiandikwa mwaka wa kwanza, kampuni inayouza sana ndiyo inaonekana inakufa! Mwaka 1863 mtaalamu wa hesabu za bima Mjerumani, August Zillmer, akachapisha njia ya kutoka hapo: akiba unayowekewa ianze ikiwa chini, halafu malipo yako ya miaka inayofuata yafidie ile gharama. Wajerumani hadi wamegeuza jina lake kuwa kitenzi. Ukitoka mapema, umelipia agenti tu.

Wamarekani walipitia mlango mwingine. Gharama inaandikwa kama mali, halafu inapunguzwa mwaka baada ya mwaka. Yaani kamisheni ambayo agenti alishakula inakaa kwenye vitabu kando ya majengo ya kampuni. Kanuni yao ya 1982 ilikuwa na maneno mapana, kwa hivyo kampuni zingine ziliingiza hata gharama za kufukuzana na wateja waliokataa. Fikiria hiyo: "hapana" yako imekuwa mali ya mtu. Kuanzia 2012 mlango ukafungwa, ikabaki gharama ya bima iliyouzwa kweli.

Eneo nalo lina uzito. Aflac ya Marekani iliingia Japani 1974, na vitabu vyake hutenganisha biashara ya Japani na ya nyumbani. Wajapani hukaa na bima zao muda mrefu kuliko Wamarekani, kwa hivyo gharama ya kumpata mteja wa kule inaweza kutandazwa miaka mingi zaidi. Mteja akihepa, kile kipande chake kilichobaki kinafutwa, na faida inaumia.

Na mteja je? Ujerumani walimkumbuka wakiwa wamechelewa sana. Sheria ya 2008 ilisema ukivunja bima ya maisha mapema, pesa yako ihesabiwe kana kwamba gharama imegawanywa angalau miaka 5. Tangu 2015, kiwango cha juu cha gharama kinachoruhusiwa kwa njia ya Zillmer kilishuka kutoka asilimia 4 ya jumla ya malipo yako hadi 2.5.

Kenya tunafuata kanuni za kimataifa. IFRS 17 ilipoanza 2023, ile mali kubwa iliacha kusimama peke yake, gharama ikaingizwa ndani ya hesabu ya mkataba wenyewe. Vitabu vimesafishwa. Lakini IFRS 17 haipangii mtu yeyote utarudishiwa ngapi ukitoka mwaka wa pili. Hiyo iko kwenye mkataba uliosaini bila kusoma.