Walipotaka Idara ya Kiingereza Ifutwe

Nikiwa likizo mwaka wa kwanza chuo kikuu, mjomba aliniuliza nasoma nini. Nikamjibu: lugha ya Kiingereza na isimu. Akacheka. "Sasa mjomba, hicho Kiingereza si umekisoma tangu shule ya msingi? Hakiishi tu?"

Nikajikanyaga na habari za sauti na sarufi. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Swali lenyewe, la kwa nini tusome Kiingereza chuo kikuu, nilikuja kugundua kwamba liliulizwa zamani, tena na watu waliokuwa wakilipwa mshahara kwa kazi za hapo hapo chuoni.

Miaka hiyo Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1963 na kuvunjika 1970. Kabla ya hapo mwanafunzi wa Makerere alipata shahada ya Chuo Kikuu cha London. Kusoma Kiingereza kulimaanisha kusoma waandishi wa Uingereza, karne baada ya karne. Kijana mmoja aliyepitia humo, James Ngugi, alianza kufundisha Nairobi mwaka 1967.

Septemba 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza pale Nairobi, James Stewart, alipeleka mapendekezo kwenye bodi ya kitivo. Alikubali kwamba idara haina budi kupunguza Uingereza na kufungulia mlango waandishi wa kwingine, lakini akaitetea kwamba inafundisha mwendelezo wa utamaduni mmoja katika historia. Tarehe 24 Oktoba akajibiwa na watu watatu: Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na huyo Ngugi. (James kajibiwa na James. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o lilikuja baadaye.)

Jibu lao halikuzunguka. Kama ni lazima kusoma mwendelezo wa utamaduni mmoja, kwa nini usiwe wa Afrika? Futeni idara hii, wakasema, anzisheni idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Fasihi simulizi iwe msingi.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kana kwamba jamaa walitaka kukichoma moto Kiingereza. Hebu tazama kipengele cha lugha: walipendekeza Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa viwe vya lazima. Kiingereza hakikufukuzwa, kilisogezwa tu kikae kwenye mkeka na wenzake.

Mabishano yakawa makali, na mwishowe Nairobi ikapata Idara ya Fasihi. Lugha zikaenda kwenye idara yake, ya isimu. Kwa maoni yangu upande wa fasihi ulibadilika kweli kweli. Lakini upande wa lugha? Mimi nilisoma miongo mingi baadaye, kwenye chuo nisichotaka kukitaja, na irabu tulizochora ubaoni zilikuwa za Mwingereza ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana naye. Kiingereza cha daladala, cha bungeni, cha mwalimu mwenyewe aliyesimama mbele yetu, kilitajwa kwenye mada ya makosa. Ngeli za Kiswahili zilipata wiki moja, kama mfano wa "lugha nyingine". Nilifaulu mtihani ule. Bado unaniudhi.

Juzi juzi nimemsimulia mjomba kisa cha wale watatu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huo waraka waliuandika kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

Akacheka tena, safari hii mpaka akakohoa. Nikamwambia asubiri, sijamaliza: mwaka 1978 mmoja wao alikuwa kizuizini katika gereza la Kamiti, na humo akaandika riwaya kwa Kigĩkũyũ, kwenye karatasi za chooni.

"Nzima?"

"Nzima."